Supu ya Wifi Yangu

Nilimsikia mama akifyonza supu kabla sijabisha mlango. Nilikuwa kwenye ngazi za ghorofa ya pili, pale mtaani Umoja anapokaa na kaka yangu na mkewe, nikasimama palepale kusikiliza. Kwa siku nne mama alikuwa hali. Baridi ya mwezi wa saba ilikuwa imemwingia kifuani, na kila nilichompikia kwangu, mtaa wa Tena, na kumletea alikigusa kwa ncha ya kijiko, kisha akasema, "Asante, mwanangu, nitakula baadaye." Baadaye hiyo haikuwahi kufika. Sasa alikuwa anafyonza, anapumzika, anafyonza tena. Sauti ambayo ningepaswa kuishukuru ilinichoma.

Ndani, wifi yangu alikuwa amepiga magoti kando ya kochi, akimshikia bakuli. Ilikuwa supu ya kuku wa kienyeji, nyekundu kidogo kama chai isiyo na maziwa, na ilinukia moshi.

"Karibu, wifi. Kuna nyingine jikoni."

"Nimeshiba," nikasema, na papo hapo tumbo likanguruma.

"Tumbo lako lina ukweli kuliko wewe," kaka akasema bila kuinua macho kwenye simu.

Nilimuuliza mama kwa nini hakuwahi kunifundisha supu ile. Alifuta midomo kwa ncha ya leso, akanitazama kama niliyeuliza kwa nini maji yanalowesha.

"Nikufundishe ya nini? Wewe utafundishwa na mama mkwe wako. Chungu changu ni cha mke wa mwanangu."

Ndivyo ilivyo kwetu. Wazee wetu walipotoka magharibi kuja kufanya kazi za reli na za viwandani, walikuja na desturi hiyo, nayo ikapanda nao ghorofani. Binti hujifunza kuosha vyombo, kupika ugali na kuchambua mboga. Mapishi yenyewe ya nyumba, yale ya wagonjwa na ya wageni wakubwa, huwekewa bibi harusi atakayeingia. Mimi nina miaka thelathini na moja na sijaolewa. Nimeandika riwaya mbili, na katika zote mbili kuna mama anayepika. Wasomaji hunisifu kwamba wanasikia harufu ya chakula kwenye kurasa. Hawajui kwamba mwandishi alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, akinusa tu.

Siku ile, nikirudisha vikombe jikoni, niliona chupa ya soda kandokando ya meko, ina maji ya hudhurungi. Ilikuwa musherekha, maji ya majivu ya maganda ya maharagwe ambayo watu wa kwetu hulainishia kunde. Nilijua ni ya mboga. Lakini wivu una akili yake. Uliniambia kwamba siri imo humo. Nikamimina kiasi kwenye kichupa cha dawa, nikakifunga, nikaondoka nacho mkobani.

Kesho yake nilinunua jogoo kwa mama mmoja anayeuza kuku karibu na kwangu.

"Huyu ni mzee, sista," akaniambia. "Mchemshe mpaka akusamehe."

Nilimchemsha asubuhi nzima. Nyama ilipokataa kulainika nilimimina musherekha, kidogo kwanza, halafu yote. Supu ikatoa povu kama la sabuni. Nililiengua, likarudi. Nikajiambia kwamba ni nguvu za kuku wa kienyeji, nikaitia kwenye thamosi na kutembea nayo hadi Umoja nimeikumbatia ndani ya sweta.

Mama alinywa kijiko kimoja. Hakumeza. Alimtazama wifi yangu, naye wifi akamtazama, wakaelewana bila neno. Mtazamo ule uliniuma kuliko yote. Hatimaye akameza.

"Mwanangu," akasema, "unataka kunifua?"

Kaka alicheka hadi akatoka nje. Mama naye alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na aliyemsugua mgongo alikuwa wifi.

Nilirudi jikoni na thamosi yangu, wifi akanifuata. "Musherekha ni ya kunde."

"Najua."

"Sasa ukaitilia nini?"

"Nilidhani ndiyo siri yako."

"Siri gani, wifi? Miezi yangu ya kwanza hapa mama alimwaga supu yangu mara tatu. Nililia nikiegemea sinki hili. Wewe hajawahi kukumwagia kitu." Akafunga kifuniko cha thamosi yangu kwa nguvu. "Njoo kesho, mama akilala mchana. Na usimwambie."

Nilikuja. Aliwasha jiko la makaa kwenye baraza, akambabua kuku mzima juu ya moto, akimgeuza kwa miguu mpaka ngozi ikawa kahawia. "Usimchune. Moshi unakaa kwenye ngozi." Akamkata, akamtia kwenye maji baridi pamoja na vitunguu, akapunguza moto mpaka supu ikawa inapumua tu. Sikujifunza vizuri, kwa sababu nilikuwa naangalia mikono yake. Aligonga mwiko mara mbili kwenye ukingo wa sufuria. Alionja kwa kudondosha supu nyuma ya kiganja, kisha akalamba. Hayo ni mazoea ya mama. Ilikuwa kama kumkuta mtu mwingine amevaa nguo za mama, na zinamkaa sawasawa.

Jirani akapiga kelele kwamba maji ya mfereji yamerudi. Wifi akanyakua mitungi na kukimbilia chini. "Tia tangawizi!" Hakusema kiasi gani. Niliitwanga yote iliyokuwepo, nikaitia.

Mama alipoamka, wifi alimpelekea bakuli kama kawaida. Mimi nilikaa kwenye kigoda kando ya mlango, mikono kati ya magoti. Alifyonza. Akapumzika. Akafyonza tena, hadi bakuli likainama na kuonyesha chini yake.

"Leo umezidisha tangawizi," akamwambia wifi. "Inanikwaruza koo."

Wifi akafungua mdomo kuomba radhi. Nikaionea wivu hata lawama ile. Ilikuwa yangu.

"Niliitia mimi, mama."

Mama aligeuza kichwa. Alinitazama, akamtazama wifi, akavuta pumzi ya moshi uliokuwa bado umejaa kwenye mapazia. Hakuuliza nani kamfundisha nani. Alimrudishia wifi bakuli.

"Mpe aniongeze," akasema. "Na mwambie kesho apunguze."

Nilikuwa nimeketi hatua mbili kutoka kwake. Angeweza kuniambia mwenyewe. Nilipokea bakuli mikononi mwa wifi, lilikuwa bado na joto, nikaenda jikoni. Nilijaza hadi ukingoni, na kabla sijatoka nikagonga mwiko mara mbili, kwa nguvu, ili asikie.