Namba Moja Si Ndogo

Siku yangu ya kwanza kazini, pale kituo cha askari wa wanyamapori Matai, Mkuu wa Kituo alinikabidhi funguo za stoo ya silaha akaniuliza, "Marisau unayajua?"

"Nayajua, mzee."

Nilikuwa sijui lolote. Niliona aibu kuuliza, na aibu hiyo ndiyo iliyoniponza.

Marisau ni vile vigololi vinavyojazwa ndani ya ganda la risasi ya bunduki ya ndege. Ukifyatua, vinatawanyika. Bunduki yetu ilikuwa ya mitutu miwili. Wa kulia mdomo wake wazi, wa kupigia ndege wa karibu. Wa kushoto umebanwa kidogo, ili marisau yafike mbali yakiwa bado pamoja. Kwa kwale madogo yanatosha, maana anaruka karibu na miguu yako. Kanga wa mbali anataka ya kati. Makubwa ni ya mnyama, nayo yanasafiri mno. Leo nayasema haya kama padri anavyosema misa, lakini nimechelewa.

Msimu wa kupanda, kanga walikuwa wanafukua mbegu za mahindi kule Mwimbi. Akatumwa Kasiani, askari mwenzangu, aliyetushinda wote kwa shabaha ingawa hakujua kusoma. Mkuu akaniambia, "Mpe marisau madogo tu. Mashamba yamejaa watu."

Maganda huandikwa namba. Mimi nikawaza kishule: darasa la kwanza ndio wadogo. Nikampa namba moja. Kumbe kwa marisau ni kinyume, namba ikipanda kigololi kinapungua.

"Umehakikisha, ndugu yangu?" Kasiani aliuliza.

"We nenda bwana, stoo ni yangu."

Kanga alianguka. Ng'ambo ya shamba, mahali ambapo marisau madogo yasingefika, mama mmoja alikuwa ameinama akipanda. Kigololi kimoja kilimpata jichoni.

Jioni Kasiani alinirudishia ganda tupu, kama utaratibu ulivyotaka. Nikalisoma, nikaelewa, nikalitia mfukoni. Kesho yake Mkuu aliniuliza mbele ya Kasiani, "Ulimpa yapi?"

"Madogo, mzee."

Kasiani akaitazama mikono yake. "Basi nilisogea karibu mno," alisema. Akafukuzwa kazi.

Mimi nilihamishiwa Sumbawanga, nikapanda cheo, nikafundisha vijana kusoma namba za maganda. Walinisifu kwa umakini wangu. Siku ya kuagwa kwangu nilipostaafu, Kasiani alikuja na mfuko wa ulezi, akaomba kusema neno. "Nilipofukuzwa, wote walinikimbia. Huyu peke yake alikuja kunijulia hali."

Watu walipiga makofi. Na mimi, mnafiki mkubwa, nikapiga.

Sasa naishi Mazwi. Ganda lile liko chini ya sanduku langu la nguo. Kasiani hajashika bunduki tena, na bado anaamini kosa lilikuwa lake. Yule mama alibaki na jicho moja. Jina lake silijui. Naona aibu kuuliza.