Ngazi Iliyo Ndani ya Darubini

Nakumbuka jicho, mwanangu. Mbogo alikuwa amelala ubavu kwenye majani ya bondeni, na shemeji yangu Athumani amekwisha kupiga goti nyuma ya pembe. Mkono mmoja ameshika sikio la mnyama, mwingine una kisu, na bismillahi imeanza kumtoka mdomoni. Mimi nilikuwa nyuma yake hatua kama ishirini, bunduki nimeielekeza chini. Nikaliona lile jicho linazunguka, linamtafuta mtu aliyeshika sikio. Mbogo akainuka naye juu ya pembe, na kisu kikaruka sikuona kilikoangukia.

Mengine sitayaeleza yote. Nilipiga risasi tatu. Ya tatu niliipiga nikiwa chini, mguu wa kushoto umekwisha kuvunjwa juu ya goti, ndiyo sababu unaniona natembea kwa upande. Athumani alipandishwa kwenye gari akiwa hai. Hospitali ya Newala hakufika.

Nayaandika haya kwa sababu juzi umeniletea simu yako yenye picha za darubini za bunduki. Umepata kazi ya kulinda wanyama na mashamba, umefurahi, unaniuliza ipi ni nzuri, yenye msalaba mtupu au yenye vialama vingi. Nilikuambia nitakujibu. Ukaondoka unacheka, nami chakula kikanishinda. Hujui umeniuliza nini.

Mimi shule niliishia darasa la nne. Baba alikuwa mwalimu wa dini pale Chiwata, alitamani nifuate kazi yake, lakini mimi nilipenda bunduki. Bunduki ya kijiji ilikuwa ya kufukuza nguruwe kwenye mihogo na nyani kwenye korosho. Kulenga kwake hakukuwa na maneno: kuna mfereji huku karibu na jicho, kuna kijino kule mbele kwenye mdomo wa mtutu, unakikalisha kijino ndani ya mfereji, unabana pumzi, unapiga. Cha kuchagua hakikuwapo. Basi nilikuwa nakosa mara chache sana, na watu walinijua hivyo.

Ikaja miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Vitu ambavyo tulikuwa tukivisikia tu vikaanza kuingia Masasi, redio, baiskeli za rangi, mitumba, na watu waliokuwa wadogo jana wakawa mabwana. Mmoja wao ni Faraji Nangumbi. Namtaja kwa jina lake kamili, yeye alinitaja langu bila kuogopa. Alianza kununua korosho kwa watu, kisha akapata kibali cha kuwinda na kuleta wageni wa kuwinda. Akaniita nimfanyie kazi ya kupiga bunduki.

Siku ya kwanza alinipeleka kwenye ghala lake. Juu ya magunia ya korosho alipanga darubini tatu, akaniambia nichungulie moja moja kupitia mlangoni, nitazame ule mlima wa mawe. Ndani ya kila darubini mlikuwa na msalaba wa kulengea, lakini haikuwa misalaba ya namna moja. Wa kwanza ulikuwa mwembamba kama unywele. Nilipotazama jiwe jeupe niliuona vizuri, nilipoishusha kwenye kivuli cha kichaka ukapotea kabisa. Wa pili ulikuwa na mikono minene myeusi, ikawa myembamba katikati tu, pale inapokutana. Haukuwa na uzuri wowote, lakini kivulini nao niliuona. Wa tatu, mguu wake wa kwenda chini ulikuwa na vijiti vifupi vimepangwa kama ngazi.

Faraji alikuwa na karatasi iliyotoka kwenye sanduku la ile ya tatu, imeandikwa Kiingereza. Akaisoma kimoyomoyo, akanifafanulia. Katikati ya msalaba ni hatua mia moja. Kijiti cha kwanza, mia mbili. Cha pili, mia tatu. Risasi inashuka inapokwenda mbali, kwa hiyo unamlenga mnyama kwa kijiti cha chini na mtutu unapanda wenyewe. Nilielewa, na ilinipendeza. Lakini ile darubini ilikuwa na pete ya kuzungusha, imeandikwa namba tatu mpaka tisa. Ukiiweka tisa, mlima unakuja puani. Ukiiweka tatu, unarudi mbali na unaona sehemu kubwa. Nikachungulia huku nazungusha, nikaona mlima unakua na kupungua, vijiti viko palepale. Jambo hilo lilinisumbua, sijui kwa nini. Nikamuuliza: nikibadilisha namba, hivi vijiti vinabaki na hesabu ileile?

Aliitazama karatasi. Nasema kweli, aliitazama, macho yakashuka mpaka chini. Kisha akaikunja.

"Zungusha utakavyo," akasema. "Ngazi ni ngazi."

Sasa sehemu yangu ya kosa, nisije nikajitakasa. Moyoni nilikuwa nimeichagua ile ya pili, yenye mikono minene. Kesho yake Faraji akafanya mashindano ya shabaha, sisi wapigaji wake watatu, apate wa kuongoza. Karatasi ilibandikwa kwenye kichuguu mbali sana. Nikafunga ile ya ngazi, nikaweka tisa kwa kuwa karatasi ilikuwa ndogo, nikatumia kijiti cha pili, nikatoboa karibu na katikati mara tatu mfululizo. Watu wakapiga makofi. Faraji akanishika mkono mbele yao. Tangu hapo ungeniambia niifungue ile darubini nifunge nyingine, tungegombana. Sikuijaribu hata mara moja kwenye namba tatu. Niliipima kwenye karatasi, nikaibeba kuipeleka porini, kama vile mbogo naye atasimama kwenye kichuguu anisubiri.

Athumani alikuwa amemwoa dada yangu mkubwa, mnayemwita Mama Zuhura, wakikaa Chilangala. Sisi ni watu wa kanisani, wao ni Waislamu, na dada alikuwa ameifuata dini ya mumewe. Hilo halikutugombanisha, lilitupa utani tu. Kazi yetu tuliipanga kwa namna yetu. Mimi ni Mkristo, risasi yangu ikiua mnyama palepale, watu wa Athumani hawali, ni kibudu. Lazima akutwe yu hai na Mwislamu amchinje. Kwa hiyo nilipokwenda kuwinda nyama ya watu wote, Athumani alikuja na kisu chake. Mimi napiga, yeye anakimbia. Tulifanya hivyo kwa kuro na pofu mara nyingi, mpaka mguu wake ukazoea kuondoka pamoja na mlio wa bunduki.

Yule mbogo alikuwa dume la peke yake. Alikuwa akiingia kwenye mpunga wa watu wa Chilangala kule chini bondeni, na alikuwa amemkanyaga mama mmoja mbavu. Watu waliacha kwenda shamba. Wakamwomba Faraji kwa kuwa ndiye mwenye kibali, naye akanituma pamoja na gari lake na dereva. Njiani Athumani alikuwa na maneno, kama kawaida yake.

"Shemeji, wewe mpige na msalaba wako. Mimi nitamsilimisha kabla hajafa."

Nikamwambia amwache afe Mkristo, nyama itabaki kwetu. Dereva akacheka mpaka gari likayumba.

Tulipoingia kwenye matete niliweka pete kwenye tatu. Kule ndani mnyama anaweza kutokea mbele ya pua, ukiwa kwenye tisa utaona nywele tu, hujui ni bega au ni paja. Hilo nilifanya sawa. Lakini hakutokea karibu. Alitokea upande wa pili wa mpunga, kwenye wazi, akasimama ubavu. Nilikisia hatua mia mbili. Nikakumbuka pete iko kwenye tatu, na lile swali langu la ghalani likanirudia kifuani, kama mtu anayekugusa bega. Nikajijibu kwa maneno ya Faraji. Nikaweka kijiti cha kwanza nyuma ya bega, chini, pale moyo unapokaa, nikapiga.

Mbogo alianguka papo hapo kama gunia lililokatwa kamba. Athumani akaondoka mbio. Nikaingiza risasi nyingine, nikaweka msalaba kwenye shingo, maana nilifundishwa na wakubwa kwamba mbogo aliyeanguka hupigwa tena. Athumani aligeuka huku anakimbia, akaniona bado nalenga, akainua mkono.

"Usirudie, shemeji! Ukirudia ni kibudu!"

Nikashusha mtutu, nikamfuata. Yaliyobaki umeyasoma hapo juu.

Waliomchuna yule mbogo walinieleza nikiwa hospitali. Risasi yangu ya kwanza ilipita juu ya uti wa mgongo, kwenye ile mifupa iliyosimama chini ya nundu. Ilimtikisa tu, akazirai. Nililenga moyo, ikapanda karibu mkono mzima. Nilijiuliza kitandani mchana kutwa: nilitetemeka? Nilikisia vibaya? Na wakati najiuliza, Faraji alikuwa amekwisha kutoa maelezo kwa wakubwa waliokuja kuuliza. Aliwaambia mpiga bunduki alikuwa amekunywa uraka, ile pombe ya mabibo. Mimi, siku ile, hata chai nilikuwa sijanywa.

Maneno hayo yalimfikia dada kabla yangu. Alikuja wodini amejifunga kaniki, akasimama miguuni pa kitanda. Nikamwambia shikamoo. Hakuitikia.

"Ulikuwa umekunywa?"

"Sikunywa, dada."

"Sasa mnyama mkubwa kama nyumba ulimkosaje?"

Hakuna kitu kilichoniuma kama swali hilo, mwanangu, hata mguu. Aliondoka, na kwa muda mrefu nikifika kwake Chilangala alinipa kiti na maji, marahaba hanipi.

Jibu lilikuja baadaye. Sanduku la ile darubini lilikuwa limeachwa kwangu, na chini yake palikuwa na ile karatasi, imekunjwa vilevile. Nikaipeleka kwa Mwalimu Beata, aliyekuwa akifundisha Chiwata. Alisoma polepole, mstari kwa mstari, mpaka chini kabisa. Hapo chini palikuwa na maneno machache kwamba hesabu ya vijiti ni ya kweli pete ikiwa kwenye namba ya mwisho tu, ile tisa. Kwenye namba ndogo, kijiti kilekile kinainua mtutu mara mbili, mara tatu. Nikamwomba arudie. Akarudia.

Nilikwenda naye Chilangala. Akamsomea dada. Dada akataka asomewe tena, kisha akanitazama.

"Karatasi nimeisikia," akasema. "Sasa nataka kumsikia Faraji, aliyeisoma ghalani."

Basi nisikilize. Chagua msalaba kwa mahali utakaposimama, usichague kwa makofi. Kama kazi yako ni karatasi kwenye kichuguu, mwembamba utakufaa, hautafunika tundu unalolitafuta. Kama ni vichaka na matete yetu haya, asubuhi yenye kiza, mnyama mweusi ndani ya kivuli, chukua wenye mikono minene na katikati nyembamba, hata wakikucheka kwamba ni wa kizee. Ukitamani ngazi, ichukue, sikukatazi, lakini kwanza ipige kwenye kila namba ya ile pete mpaka ujue risasi inakwenda wapi, na usipojua, tumia katikati tu na umsogelee mnyama. Karatasi yake isomewe mpaka mwisho na mtu asiye na haraka ya kukutuma. Moyo wako ukiuliza swali, usiujibu kwa maneno ya tajiri. Na mnyama aliyeanguka ghafla mno, mwogope kuliko aliyekimbia. Kaeni na wachinjaji wenu kabla hamjatoka, mkubaliane kwamba bora nyama ikose wa kuila kuliko mtu azikwe kwa ajili yake. Mimi sikukaa na Athumani tukazungumza hilo. Lile ni langu, nitalijibu mimi.

Mungu akulinde, mwanangu, akutulizie pumzi na mkono, akurudishe kwa mama yako na miguu miwili. Wale utakaotembea nao porini warudi wote, na dada zako wasikuulize nilichoulizwa mimi.

Lakini la Faraji Nangumbi silibebi. Siku hizi yuko Tandahimba, mtu mzima mwenye heshima, anakaa mbele kwenye harusi za watu. Nimemfuata mara mbili. Mara ya kwanza niliambiwa ana wageni, ya pili alitoka mwenyewe akaniambia hayo ni mambo ya zamani. Kwa dada yangu si ya zamani. Yeye hadi leo hajui kama mumewe aliuawa na ulevi wa ndugu yake au na uongo wa mtu mwingine, na mimi siwezi kumjulisha, kwa sababu sijui macho yako yaliona nini, Faraji, na sasa nakuuliza wewe. Ulipoikunja ile karatasi ghalani, mstari wa chini uliusoma ukaona utakuchelewesha, au hukuuelewa ukaona aibu kusema? Na uraka, uliniona nikinywa wapi, kwa nani? Njoo Chilangala mchana, watu wakiwapo, ukae mbele ya Mama Zuhura umjibu. Usinijibu mimi. Mjibu yeye.