Mmea wa Bia Ukutani Kwetu

Ilianza Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa pili, saa kumi na robo za jioni. Nina uhakika kwa sababu ndiyo kwanza nimepewa saa ya mkononi, na nilikuwa naandika daftarini saa ya kila kitu. Jirani yetu Mzungu, mke wa injinia wa barabara, alibisha hodi akiwa na kitambaa kibichi mkononi. Ndani yake mlikuwa na vipande vitatu vya mizizi, kama tangawizi iliyokonda.

Tulikuwa Nizwa, mji wa Kiarabu, mwaka wa kumi na kitu tangu familia itoke Unguja. Bibi yangu, mama yake baba, hakujua Kiingereza hata neno. Mimi nilikuwa sekondari, nakijua kidogo, kwa hiyo nilikuwa mdomo wake kwa jirani na kwa daktari wa Kihindi. Mimi ambaye darasani nikiulizwa jina langu sauti inapotea.

Jirani akaeleza. Uwanja wake ni saruji tupu, wetu una kivuli na maji ya falaji, mfereji wa mtaa unaogawiwa kwa zamu. Anaomba kipande cha ukuta karibu na mndimu. Mmea wenyewe unatambaa, unatoa maua, na kwao Uingereza maua hayo hutiwa ndani ya mto wa kulalia, mtu akapata usingizi. Lakini hasa, akasema huku anacheka, mumewe anayataka kwa bia anayotengeneza mwenyewe jikoni, maana bila hayo bia haipati uchungu wake.

"Anasemaje?" Bibi akauliza.

"Anasema ni dawa ya usingizi, Bibi."

Sikuongopa. Nilitafsiri nusu. Nusu ya pili niliimeza kwa sababu kila Alhamisi nilikuwa na ruhusa ya kwenda kwake kusoma vitabu, na neno bia lingenifungia mlango ule siku ile ile.

Bibi tangu tuhamie huku alikuwa halali zaidi ya saa tatu kwa usiku. Aliitazama ile mizizi kama mtu aliyeletewa barua.

"Ipandwe," akasema. "Maji yetu yanatosha."

Basi mmea wa bia ukanywa maji ya zamu yetu. Zamu ikifika, Bibi mwenyewe alikuwa anaondoa jiwe na tambara mferejini, anaanza na mndimu, kisha anakuja kwa "mgonjwa wangu". Ndivyo alivyouita, maana jua liliuunguza mara mbili na mara mbili ukachipua tena. Ulipanda kwenye kamba kama kunde, majani yakikwaruza mikono. Mwezi wa sita ukatoa vifuko vya kijani, ndiyo maua yenyewe, vyepesi kama karatasi. Ukivipasua, ndani mna unga wa manjano wenye harufu kali. Havikujaza hata kikapu. Jirani akaenda likizo kwao, akaniachia kazi ya kuvichuma na kuvianika kivulini.

Nilirudi kutoka kwenye mtihani nikakuta Bibi keshavichuma. Kavitandaza juu ya ungo, kavikausha siku mbili tatu, kisha akatia vichache kwenye buli, sukari vijiko vitatu, akanywa baada ya sala ya alasiri. Chungu kama shubiri, akasema, kwa hiyo lazima ni dawa. Usiku, baada ya isha, akalala mpaka adhana ya alfajiri.

Alikunywa siku nane. Kila akimaliza kusali alimwombea jirani, Mungu amwongoze, mwanamke mwema namna ile. Akawahadithia wanawake wa mtaani kwa Kiarabu chake cha kuungaunga, mpaka mmoja akaja na kikombe kuomba.

Mimi nilikuwa nahesabu. Mwalimu wa dini alituambia anayekunywa pombe sala zake hazikubaliwi siku arubaini. Sikujua kama maua peke yake ni pombe, na sikuwa na wa kumuuliza, maana swali lenyewe lingenifichua. Nikawa namwangalia anarukuu, goti linamuuma, anashika ukuta, na mimi nawaza kwamba sala zote zile zinapotea na mpotezaji ni mimi. Daftarini niliandika siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nane nikashindwa.

Siku ya tisa ilikuwa Ijumaa. Aliniagiza nimletee buli lake. Nikaja nalo, nikasimama.

"Bibi, usinywe."

"Kwani limeingia sisimizi?"

"Yule bibie alisema maua ni ya kutia kwenye bia. Siku ile alipokuja na mizizi. Alisema yote mawili."

Akachukua ua moja ungoni, akalisugua, akalinusa kwa muda mrefu.

"Ua ni ua," akasema. "Zabibu nakula, tende nakula, na kuna watu wanafanya ulevi kwa zote mbili. Mungu anajua nilikunywa nini."

Nikaanza kupumua. Akaniuliza, "Yeye alikwambia usinambie?"

"Hapana, Bibi."

"Basi yeye hana kosa. Yeye kanieleza yote. Mimi ndiye nliyepata nusu."

Hakupandisha sauti. Alimwaga buli chini ya mndimu, maua yaliyobaki akayatia kwenye mfuko, akaufunga, akasema ni mali ya watu. Siku ile hakunisemesha tena ila kuitikia shikamoo yangu.

Asubuhi yake ilikuwa siku yake ya hospitali. Nilidhani atamchukua shangazi, lakini nilimkuta mlangoni keshavaa, akanipa mkono nimshike kama kawaida. Daktari akampima, akazungumza, nikatafsiri. Presha si mbaya, sukari imepanda, vidonge aendelee navyo, halua aiache.

"Ndiyo yote hayo?" akauliza Bibi. Alikuwa ananitazama mimi, si daktari. Hajapata kuniuliza hivyo hata mara moja.

Daktari alikuwa amesema pia kwamba sukari ikiendelea hivi, macho yake yataharibika. La macho nilikuwa nimeliacha.

"Bado, Bibi," nikasema, nikamwambia la macho.