Namba ya Kibandani

Dada yangu aliona aibu zaidi kunikuta kwenye kibanda cha simu kuliko ambavyo angeona kunikuta baa. Alisema mlevi ana tabia mbaya tu, lakini mtu mzima anayepiga simu ya barabarani hapa Sydney ni mtu aliyeshindwa na maisha. Wenzake wa kwaya walishaniona nje ya stesheni ya Liverpool, nimekumbatia mkonga wa simu, nacheka peke yangu. Wakamwuliza kwa upole ule unaochoma, "Kaka yako anaendeleaje siku hizi? Tunamwombea."

Mimi sikuona tatizo. Nilikuwa nimeishi nchi hii kwa kuhamahama, nikichuma machungwa, nikiosha vyombo, nikipaka rangi nyumba za watu, na simu za mfukoni hazikunikalia. Moja ilizama mtoni, moja niliisahau kwenye basi, nyingine niliiuza. Vibanda vilinikalia. Hata mji wenye baa moja na kituo kimoja cha mafuta, kibanda kilikuwepo. Na walipoamua simu za humu humu nchini zipigwe bure, nilijiona kama nimeachiwa urithi.

Niliacha shule kidato cha pili, na huenda ndiyo sababu kitu ambacho hakuna anayekifundisha hunivuta. Nikaanza kuuliza habari za vibanda. Ukimwuliza mkutubi wa hapa jambo la ajabu, ndipo anapochangamka. Nilionyeshwa picha za vile vya mbao vyenye vioo vidogo vidogo, vya siku ambazo nchi hii bado ilikuwa inamwiga mama yake Uingereza. Kisha vya kioo kitupu, ambamo mtu alilia huku barabara nzima ikimtazama. Kisha simu za rangi ya dhahabu juu ya kaunta za baa, na mwisho hivi vya leo visivyo na mlango, paa dogo tu la kufunika kichwa, mabega yanalowa mvua. Waingereza chao wamekichora kwenye vikombe na kadi. Waaustralia hawana makuu hayo, lakini sikia kuwa kibanda cha mtaa kinataka kung'olewa, uone wanavyokuja juu, hata wale ambao hawajakigusa tangu wazaliwe watoto wao. Nikaamua kwamba alama ya taifa hili ni kibanda cha simu, wala si kangaruu. Kangaruu, ukikwama, hakusaidii kitu.

Maneno hayo nilimwambia kila aliyekubali kukaa. Mpwa wangu, binti pekee wa dada, aliyekuwa akisoma chuo kule Kensington, alinisikiliza mara nyingi kuliko wote, kisha akanijibu kwa Kiingereza chake, na mwisho akanirudia kwa Kiswahili ili nielewe kwamba ni jambo zito: "Mjomba, please. Wakwe usiwaambie."

Wakwe watarajiwa walikuwa Warundi wa mtaa wa Cabramatta. Kijana aliyetaka kumwoa alizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi, Kigoma, akaletwa hapa mdogo, sasa ni fundi umeme. Baadhi ya wenzake dada walikunja midomo. "Mtoto wa kambini?" Dada aliwajibu, "Huyo mtoto wa kambini ndiye anayekutengenezea taa, la sivyo ungekuwa unatusengenya gizani." Lakini maneno yale yalimkaa. Alitaka posa ifanyike kwa heshima zote, ili asitokee mtu wa kusema kwamba Watanzania walipokea posa ya mkimbizi kwa mkono wa kushoto.

Shemeji yangu alikwishafariki, kwa hiyo mjomba ndiye aliyekuwa mwanamume wa nyumba, ingawa alilala kwenye kochi. Dada alipanga hivi: kwa kuwa huku hakuna wa kuleta barua ya posa mkononi, mshenga wao, baba mkubwa wa kijana, atapiga simu Jumamosi saa tano asubuhi, abishe hodi. Mimi nipokee, nimzungushe kidogo kama ilivyo desturi, niseme karibuni. Baada ya hapo ndipo watoke kwao waje kula. Mama wa binti hapokei hodi ya posa, wala binti mwenyewe. Ni mjomba.

"Nitakununulia simu," dada akasema.

"Ya nini? Namba ninayo."

Kila nilipompigia kutoka pale stesheni, namba ya kibanda ilijiandika kwenye simu yake. Niliisoma kwake niliporudi nyumbani, nikaikariri. Kwetu Muheza tulipigiwa simu kwa mwenye duka. Unatumiwa mtu, unakimbia, unapokea. Nikaona hii ni njia ile ile, tena mimi nitakuwa nimeshafika, nasubiri.

"Basi chukua yangu siku hiyo."

"Mshenga akijua mjomba anaazima simu ya dada yake, si atasema nyumba haina mwanamume?"

Alikuwa ametoka zamu ya kulea wazee, miguu imevimba. Akasema haya, na namba ya kibanda ikapelekwa Cabramatta.

Jumamosi ile nilivaa koti la marehemu shemeji. Nyumbani niliacha pilau inanukia hadi kwa majirani na kina mama wawili wa kwaya wanakunja vitambaa vya meza. Nilifika kibandani mapema, nikasimama mbele yake kama mlinzi.

Saa tano ikapita. Nikajiambia ni Waafrika. Ikasogea, nikainua mkonga kuhakikisha kama ni mzima. Ulikuwa unanguruma vizuri. Nikaurudisha haraka, nikaogopa huenda ndiyo wanapiga.

Akaja mama mmoja Mzungu, amevaa kandambili, na nguo zake kwenye mfuko wa plastiki. Alitaka kupiga. Nikamwambia kwa heshima kwamba nasubiri simu muhimu ya familia, kipo kibanda kingine kule mbele. Hakwenda. Alikaa ukingoni mwa barabara, akanitazama jinsi nilivyokuwa nikijinyoosha koti.

"Nani amekwambia atakupigia hapo?" akaniuliza.

"Wakwe."

"Mpenzi, hiyo hailii." Alisema polepole, kama anayempa mtoto habari mbaya. "Inatoa tu, haipokei. Mwanangu alijaribu kunipigia hapo nilipokuwa sina pa kukaa. Aliambiwa namba haipo."

Nilitaka kumbishia. Nilikuwa na historia yote kichwani, mbao, vioo, dhahabu. Nikatafuta katika miaka yangu yote ya vibanda hata simu moja niliyowahi kupigiwa, na sikuipata. Hapakuwa na mtu aliyewahi kunitafuta kwa njia hiyo, kwa hiyo sikuwahi kugundua kwamba haiwezekani. Nikampisha mama yule apige kwanza. Alikataa, akasema wangu ni msiba mkubwa zaidi.

Nikampigia mpwa wangu. Alipokea akiwa analia tayari. Kijana alikwishamtumia ujumbe: wazee wamevua makoti, hawaji tena. Akanitajia namba ya mshenga, nikaipiga, mimi mjomba wa binti, kutoka upande usiopaswa kupiga.

"Allô?"

"Shikamoo mzee. Ni mjomba wa binti."

Akajibu, "Bon. Mjomba. Leo muke ndiyo anaposa mume?" Nikasikia watu nyuma yake wakicheka, kicheko kisicho na furaha. "Tumepiga ile telefone yenu. Inasema haiko. Tumepiga tena, haiko. Mimi nimewaambia hawa vijana, tuache. Kule kambini pia tulikuwa tunapewa namba zenye haziiti. Mutu hakutaki, anakupa namba."

"Mzee, si hivyo. Ni kibanda cha barabarani. Sikujua kama hakipigiwi."

"Cha barabarani?" Akaziba simu kwa mkono, lakini nilisikia. "Ati ni cha barabarani!" Akarudi. "Mulitupa telefone ya barabarani, tubishe hodi ya binti yenu?"

Yule mama wa kandambili alikuwa ameangalia pembeni ili nisijue kwamba anasikia.

"Sikiliza," mshenga akasema. "Kwetu hodi inabishwa na miguu. Ukitaka haya maneno yaendelee, utakuja wewe, ubishe kwetu. Kama hutaki, hatuna chuki."

Kurudi nyumbani kumwambia dada kwamba upande wa binti ndio utakaokwenda, hilo ndilo nisingependa kulirudia. Hakunifokea. Alizima jiko. Aliwaambia wale kina mama wa kwaya kwamba mpango umebadilika, wakavaa viatu vyao bila kuuliza, na nilijua Jumapili wataniombea kwa sauti. Akafunga sufuria la pilau kwa khanga, tukapanda treni sisi watatu kwenda Cabramatta. Mpwa wangu alishika kachumbari. Dada alipakata sufuria njia nzima, amevaa kitenge cha shughuli, na watu walinusa wakageuka kutafuta harufu inatoka wapi. Nilimwomba nimpokee. Akasema, "Kaa mbali na pilau yangu."

Mlangoni nilibisha. "Hodi!"

Viti vilisogezwa ndani. Hakuna aliyejibu.

"Hodi wenyewe!"

"Namba haiko!" sauti ya kijana ikajibu, na nyumba nzima ikapasuka kwa kicheko. Nilisimama hapo na koti la marehemu, dada nyuma yangu na sufuria, na jirani Mvietnamu akinisalimia kwa kichwa. Mara ya tatu ndipo mshenga alifungua mwenyewe. Mzee mfupi, kofia mkononi. Alimwona dada, akaona na lile sufuria, na uso wake ukabadilika. Nadhani hakutegemea kwamba mama mwenyewe angekuja.

"Mama, karibu. Pole." Kisha kwangu, "Wewe eleza kwanza. Mutu mukubwa anakosaje kujua?"

Ningeweza kusema kibanda kimeharibika. Nilikuwa nimeutengeneza uongo huo kwenye treni. Lakini wazee wale walikuwa wamekaa ndani, wakinitazama kupitia mlango, na mashati yao yaliyopigwa pasi, watu waliokwishadanganywa na namba nyingi, na nikasema ilivyo: kwamba nimepiga simu kutoka vibanda vya nchi hii nzima, na sijawahi kupigiwa na mtu, kwa hiyo sikujua.

Kicheko kikakatika. Mshenga aliangalia kofia yake. "Basi ingia," akasema. "Posa tutaitoa hivi hivi, tukiwa tumekaa." Na waliitoa, kwa maneno mazuri, na mpwa wangu alipoulizwa alisema ndiyo kwa Kiswahili.

Dada hakutazama upande wangu mlo wote. Nilifikiri ni ile safari ya treni. Tulipokuwa tunarudi na sufuria tupu, binti amebaki nyuma kuagana na mchumba wake, ndipo aliposema.

"Ungesema tu kwamba huna akili. Wangeelewa."

"Nilisema kweli."

"Ndiyo. Mbele ya watu." Alikuwa analia bila kujifuta, mikono yote miwili kwenye sufuria. "Hujawahi kupigiwa na mtu. Na mimi ni nani? Wale wazee wote waligeuka wakaniangalia mimi."

Sikuwa nimeliona hilo. Nilidhani aibu ile ni yangu peke yangu, nikaimwaga mlangoni kwa watu kana kwamba nilikuwa na haki nayo yote. Nilinyoosha mkono nichukue sufuria, na safari hii aliniachia.