Idhini ya Kupangisha Nyumba Yangu ya Tarime

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenipa paa la kulala chini yake, akaniweka hai hadi leo nisimulie kisa chake. Rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Miaka ile ya ujamaa nilikuwa fundi cherehani Tarime mjini. Nyumba yangu ya vyumba vitatu niliijenga kwa mkopo wa benki, na nyumba yenyewe ndiyo iliyokuwa rehani. Sharti moja kwenye mkataba lilisema mkopaji akae humo mwenyewe, asipangishe bila idhini ya maandishi. Nilipotia sahihi sikulijali.

Kisha nikaitwa Busawe, upande wa Serengeti, kufundisha ushonaji miaka miwili katika kijiji kipya. Familia yote tungehama. Nyumba ikifungwa muda huo, mchwa wangeimaliza. Muuguzi mmoja wa zahanati, aliyekuwa akilala chumba kimoja na watoto wake wanne, alikuwa tayari kuhamia. Ila bila ile karatasi yeye asingeingia, nami nisingeondoka.

Nikaandika barua benki, Musoma. Wakajibu kwamba afisa angekuja kukagua. Nilijiuliza sana: benki inajali nini nani analala humo? Deni si ni lilelile?

Siku ya ukaguzi nilikwenda stendi kumpokea. Nyumba niliiacha tupu, imefagiliwa, mizigo yetu imeshatangulia. Tuliporudi nilikuta kuku ukumbini, vitanda viwili nisivyovijua, na ndama amefungwa mlangoni. Jirani yangu, bibi wa Kikurya aliyeolewa kutoka Itiryo, alikuwa ameketi katikati ya chumba anachambua mboga ya mgagani.

"Shikamoo, mama," afisa akasema.

"Marahaba, baba. Huyu fundi haendi popote. Ndama wake huyo hapo."

"Ndama ni wake?"

"Wa nani tena? Wangu mimi ni mweusi."

Afisa akanigeukia. "Ndugu, barua yako inasema unahama."

"Nahama."

"Usimsikilize," bibi akasema. "Ana homa tangu jana."

Nikamwomba bibi tutoke nyuma kidogo, nikamuuliza kulikoni. Akanieleza kwa sauti ya chini. Alisikia kwamba serikali inachukua nyumba za wanaopangisha. Alipoona nyumba iko tupu na mtu wa serikali yuko njiani, aliwaita majirani wakaijaza. "Kila mmoja ametoa alichonacho," akasema. "Sasa wewe unatuharibia."

Nilitamani kunyamaza, maana niliona afisa akijua amedanganywa, idhini itapotea. Lakini sikuweza kuomba ruhusa kwa uongo. Nikarudi ndani nikamweleza afisa yote. Akasogeza mguu kuku mmoja apite. Nikaona heri niulize lile lililonisumbua: kwa nini wanajali nani anakaa?

"Mwenye nyumba paa likivuja huziba siku hiyohiyo," akasema. "Mpangaji humngoja mwenye nyumba. Wewe uko Busawe, maji yanaingia ukutani, na ukuta huo ndio rehani yetu." Akamtazama bibi. "Mama, paa hili likivuja fundi hayupo, itakuwaje?"

"Nitampandisha mzee wangu."

"Mzee wako ana umri gani?"

"Atapanda tu."

Afisa akatoa fomu yake. Mahali pa mwangalizi wa nyumba akamwandika bibi, naye akaweka dole gumba, bado akimtazama afisa kwa mashaka. Wiki iliyofuata idhini ilifika kwa basi, muuguzi akahamia na watoto wake. Majirani walichukua vitanda na kuku. Ndama alikuwa wa mwisho kuondoka.

Niliporudi baada ya miaka miwili, niliona kiraka cha bati jipya juu ya chumba cha watoto. Nilimuuliza bibi nani alipanda. Akamtupia jicho mzee wake, akaniambia nile kwanza.

Wewe unayesoma, Mungu akulinde nyumbani kwako, na ukiwa mbali akupe jirani wa kulitazama paa lako. Amina.