Funda la Kogo

Harufu ya gundi ya kuzibia pancha hunifanya niinamishe kichwa mpaka leo. Fundi wa baiskeli wa pale jirani akifungua tu kikopo chake, mimi husogeza kiti upande wa pili, naye hudhani ni kifua kinachonisumbua. Nyinyi nitawaambia ukweli: ni aibu, na imemzidi fundi mwenyewe umri.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nimefika ule umri wa kuanza kujiona mtu. Tuliishi ukingoni mwa Nakuru pamoja na mama yake baba, ambaye kwa Kikipsigis chetu tulimwita Kogo. Rafiki zangu Otieno na Wafula walikuwa watoto wa nyumba za reli, wenye viatu vya turubai na maneno ya mjini, na nilitamani mno kuhesabiwa miongoni mwao. Basi tulipopanga kwenda Gilgil na kurudi siku hiyo hiyo, kila mmoja kwa baiskeli ya baba yake, usingizi ulinipaa.

Asubuhi walinipitia. Kogo akatoka na kibuyu cha mala, yale maziwa ya kugandisha, akapiga funda, akautemea usukani wangu, kisha akanitemea kifuani, taratibu, kama manyunyu. Hivyo ndivyo mzee wa kwetu alivyombariki msafiri, na baraka hiyo huachwa ikauke yenyewe. Nilijua. Lakini Otieno alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, na masikio yangu yakawaka moto. Nikang'oa majani, nikafuta usukani, nikalifuta na shati pia, Kogo akiwa amesimama pale pale. Alikifunika kibuyu chake bila haraka, akaingia ndani.

Tulipokuwa kwenye mwinuko ulio juu ya ziwa Elmenteita, kwenye vichaka vya leleshwa vinavyonukia kama dawa ya kuchua, gurudumu langu likaishiwa upepo. Msidhani nitawaambia ni laana. Ulikuwa mwiba. Tatizo ni kwamba tundu lilikuwa dogo, halionekani, na maji tulikuwa tumeyamaliza kwa kushindana kunywa. Ziwa lilikuwa mbali chini, likitumeremetea bure.

“Temeni mate,” Otieno akasema.

Tukaitemea tyubu sote watatu, tukayapaka kwa vidole, tukicheka, mpaka kipovu kikachomoza penye tundu. Otieno akafungua gundi. Wafula peke yake ndiye aliyeacha kucheka.

“Haya yetu mbona huyafuti?” akaniuliza. “Hata kwetu babu hubariki hivyo. Mimi ningeacha yakauke.”

Nikainamisha kichwa juu ya tyubu. Otieno naye akainamia kiraka chake. Gilgil tulifika, tukala mandazi, lakini hayakuwa na ladha mdomoni mwangu.

Jua likitua tukamkuta Kogo langoni na kibuyu. Wafula akavua kofia, akainamisha kichwa bila kuambiwa. Kogo akapiga funda, akamnyunyizia utosini, akimshukuru Mungu kwa kumrudisha. Otieno akafuata, mpole kama kondoo. Nikaegemeza baiskeli, nikakitoa kifua. Nilitaka nilowe mbele ya wote, nilitaka kweli.

Akapiga funda la tatu. Akanitazama, akalitazama shati langu, kisha akameza.

“Karibu nyumbani, mjukuu wangu,” akasema, akanigusa bega kwa mkono mkavu.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile alininyima, na nikaona nimestahili. Kogo alishazikwa, na mimi mwenyewe nina wajukuu wanaonikwepa mbele ya wenzao, nilipoelewa kwamba hakuninyima kitu. Alikuwa akinisitiri. Alidhani bado namwonea haya, akaona heri aimeze baraka yake kuliko kuniaibisha tena mbele ya rafiki zangu. Nami nilisimama pale nimekitoa kifua, neno moja tu lingetosha, na sikulisema.