Kilio cha yule mtoto kwenye "Bwana Nitakuja": mimi ndiye mama yake

Niliingia katikati ya sinema, kamera inazunguka, blauzi imelowa maziwa. Nikamnyang'anya Bwana Nitakuja mwanangu, nikakaa palepale vumbini, nikamnyonyesha.

Dairekta akapiga kelele, "Kata! Kata! Nani huyu?"

Nikamjibu, "Chakula chake."

Wakuu, habari za humu. Mlionizidi umri shikamooni, ingawa nadhani mmebaki wachache. Haya yalinipata mimi, sikusimuliwa na mtu. Asiyeamini apite tu, hatutagombana.

Juzi kuna mdau alifungua uzi wa mambo ya nyuma ya pazia kuhusu ile filamu ya zamani. Akaweka na klipu ya mtoto anayelia. Mkajaza vicheko ukurasa mzima. Mmoja wenu akaandika kwamba yule mtoto alikuwa na kipaji cha kuzaliwa.

Kipaji! Alikuwa na njaa.

Sasa kwa vijana ambao hamjui mnachocheka. Bwana Nitakuja alianza kama katuni ya gazeti, miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Mvivu mwenye kichwa kama kibuyu na tumbo mbele. Kengele ya shamba la kijiji ikilia, wenzake wanaondoka na majembe, yeye anasema "tangulieni, nitakuja." Haji. Ndiyo hivyo tu, kila wiki, na kila wiki nilicheka.

Nilikuwa namhitaji yule mtu, niseme ukweli.

Mimi ni Mnyaturu, nimezaliwa Utemini pale Singida mjini. Nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa na Mnyiramba, akanipeleka kwao, kijiji kimoja njia ya kwenda Kinyangiri. Hatujakaa sana akapata kazi ya ujenzi mbali kusini, akaondoka. Nikabaki na mama mkwe na mtoto wa kunyonya, Naomi.

Nyumbani waliongea Kinyiramba. Nilikuwa naambulia neno moja moja. Wakicheka, nacheka nimechelewa. Kisimani wanawake walikuwa wananiita "Mwalimu," na wala sikuwa mwalimu, ilikuwa ni namna ya kuniambia nikae upande wangu.

Mume wangu alikuwa ananitumia magazeti kwa dereva wa basi. Barua zake zilikuwa fupi, magazeti mengi. Mchana mtoto akilala nilikuwa nakaa mlangoni namsoma Bwana Nitakuja kwa sauti, ili nisikie tu Kiswahili kikisemwa ndani ya ile nyumba.

Kwa hiyo siku gari la watu wa sinema kutoka Dar lilipoingia kijijini, na mwenyekiti akatangaza kwamba wamekuja kumfanya Bwana Nitakuja awe mtu halisi anayetembea, hakuna aliyefurahi kama mimi. Nilikuwa nayajua maneno yake yote.

Nichomekee mambo mawili ya nyuma ya pazia, maana ndiyo mnayoyapenda.

Lile tumbo ni gunia la pamba lililofungwa kwa kanga. Na mwigizaji mwenyewe hakuwa mvivu hata kidogo. Alikuwa mtu mkimya, anaamka kabla ya jogoo na kuwasaidia wazee kufungua mazizi.

Ile mvua anayoikimbia, mnayosema "walipata bahati ya mvua," haikuwa mvua. Mwaka ule mbingu ilikuwa imefunga. Ni maji ya lambo, tuliyabeba sisi wanawake kichwani kutoka mbali, wakayamwaga kutoka juu ya ngazi kwa kopo lililotobolewa. Mtama unakufa, sisi tunamwagilia mtu mwenye tumbo la pamba. Kuna bibi mmoja alitazama mpaka akajifunika uso.

Tulibeba kwa nini? Kwa sababu ilikuwa kazi ya kijiji.

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Kijijini kwetu kila siku ya shamba la ujamaa rimu ya gari iligongwa kama kengele, majina yakaitwa, aliyekosa akaandikwa mkwepaji. Na mwaka ule wa njaa, unga wa msaada uligawiwa kwa kufuata mahudhurio. Nyumba yenye mkwepaji ilikuwa inakaa mwisho wa foleni, na mwisho wa foleni mara nyingi hapakuwa na unga.

Mwenyekiti wetu, mtu mwenye sauti kubwa na moyo mdogo mbele ya wageni, akasimama pale kwenye rimu:

"Ndugu zangu, leo hakuna jembe. Leo ni sinema. Lakini sinema hii ni kazi, kazi kama kazi! Atakayeitwa na hawa ndugu akakataa, amekwepa shamba."

Wakamwita Naomi. Miezi saba.

Tukio mnalijua. Bwana Nitakuja anasema haendi shambani, atabaki alee mtoto. Mtoto analia, analia, mpaka mvivu mwenyewe anashika jembe na kukimbilia shamba. Kwenye gazeti nililicheka hilo mpaka machozi.

Tatizo ni kwamba Naomi alimpenda yule mwigizaji. Kila akimwinua, mtoto anacheka, anamvuta pua, anapiga lile tumbo la pamba kama ngoma. Wakajaribu asubuhi nzima. Wakamtisha kwa sufuria, akataka kuishika.

Dairekta akanijia. "Mama, mtoto wako ni nyota. Lakini tunataka alie kidogo. Asinyonye kwanza, halafu wewe ukae mahali asipokuona."

Nikasema hapana.

Mwenyekiti akaniuliza mbele ya watu, "Unakataa kazi, Mama Naomi?"

Nikamtazama mama mkwe. Yeye ndiye aliyekuwa anajua njaa ya nyumba yetu ilipofikia. Akasema taratibu, kwa Kiswahili, ili nielewe, "Mwanangu, vumilia. Mtoto hafi kwa kulia."

Nikaenda nyuma ya ghala la kijiji.

Mama mkwe akakaa kwenye kona, kunizuia nisitoke.

Wanaume humu hamtajua, kwa hiyo nawaeleza wazi. Mtoto wako akilia kwa njaa, maziwa hayasubiri ruhusa ya mwenyekiti. Yanatoka. Blauzi inalowa, kanga inalowa. Wewe umeegemea ukuta wa ghala na upande wa pili wa ukuta kijiji kizima kinacheka.

Maana walikuwa wanacheka, wakuu. Mvivu alikuwa anachekesha kweli. Na mimi nilikuwa nayajua anayoyasema, nilikuwa nayasikia kabla hajayatamka.

Wakamaliza. Nikanyanyuka. Mama mkwe akanyosha mkono, "Bado."

Kumbe ile kamera ilikuwa haichukui sauti. Picha inapigwa peke yake, sauti inanaswa na mashine nyingine. Fundi wa sauti akasema upepo umemharibia, anataka kilio safi, watu wote wanyamaze.

Wakanyamaza. Kijiji kizima kimya, na ndani ya kimya hicho anasikika mwanangu tu. Hicho ndicho kilio mnachokisikia kwenye klipu. Ukisikiliza vizuri, mwisho wake kinakwaruza. Sauti ilikuwa inamkauka.

Nikasimama tena. Nikasikia dairekta anasema, "Safi sana. Sasa tupige picha ya karibu, machozi hayakuonekana."

Hapo ndipo nilipotoka.

Mama mkwe akanishika kanga, ikabaki mkononi mwake. Nikapita katikati ya watu na sketi ya ndani. Yule mwigizaji aliponiona hakungoja, alininyoshea mtoto kabla sijamfikia. Akaninong'oneza, "Samahani, dada. Nilidhani wewe ndiye uliyekubali." Nimeandika hapo juu kwamba nilimnyang'anya, lakini haki yake nimpe, alinipa.

Na hiki hakuna anayekijua: itazameni tena ile picha ya karibu. Pembeni, chini kulia, unaingia mguu pekupeku halafu picha inaruka. Mguu huo ni wangu. Walishindwa kuukata.

Mwenyekiti alinifuata hadi nyumbani. "Umekitia kijiji aibu mbele ya wageni. Jina lako litasomwa mkutanoni."

"Lisome," nikamwambia. "Na uwaambie mtoto alikuwa na miezi mingapi."

Likasomwa. Nyumba yetu ikawekwa mwisho wa mgao. Mama mkwe hakuongea nami, alikuwa anaweka bakuli langu la uji wa uwele kizingitini kama la mpita njia. Kisimani hata lile jina la Mwalimu likakoma. Hawakuniita tena. Nilikuwa nafika, mazungumzo yanakufa, najaza ndoo, naondoka. Nilimwandikia mume wangu yote. Akajibu kwamba watu wa huko kusini wanaisubiri sinema kwa hamu.

Niruke mbele kidogo. Gari la sinema lilirudi baadaye, wakatundika shuka jeupe, wakaionyesha. Naomi alipolia, watu walicheka wakashikana mabega. Mama mkwe alicheka. Nilikuwa mtu pekee niliyekaa kimya pale, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Mpaka leo ni hivyo. Naomi sasa ni mtu mzima, ana watoto wake, na akiiona hiyo klipu anacheka kuliko nyinyi. Anawaonyesha wenzake, "Huyu ni mimi!" Namwacha. Mwenyewe hakumbuki alikuwa anamlilia nani.

Nilichojifunza? Kitu kikichekesha watu wengi, anayeumia ndani yake hubaki peke yake, na wa kwanza kumwambia avumilie ni wa nyumbani kwake. Sikuwachukia waliocheka. Nilimkasirikia aliyejua akaendelea, na hasira hiyo haijaisha, sitadanganya kwamba uzee umeipoza.

Kwa hiyo nisemeni, nikosoeni, wenye wazazi waliokuwa vijiji vya Iramba miaka ile waulizeni kama na wao walibeba maji ya mvua ya uongo. Kila atakayeandika nitamjibu, muda ninao.

Kuna mmoja ataniuliza, "Sasa mama, ulichukua hatua gani?" Siku ya pili baada ya jina langu kusomwa nilitembea hadi ofisi ya tarafa. Karani akaniambia malalamiko ya wanawake yanapitia kwa waume zao. Nikamwambia wangu yuko mbali, basi yatapitia kwangu. Niliandika palepale, nakala nikabaki nayo. Naiweka kama ilivyo:

Kwa Ndugu Katibu wa Tarafa,

YAH: MTOTO ANAYENYONYA KUITWA KAZINI

Ndugu Katibu, namlalamikia mwenyekiti wa kijiji chetu. Alimwita binti yangu wa miezi saba kwenye kazi ya kijiji, akaamuru asinyonye ili alie, na mimi nikazuiwa nyuma ya ghala nisimfikie. Nilipomfikia nikaandikwa mkwepaji, na nyumba yangu imenyimwa unga.

Kama mtoto ni mfanyakazi, basi alifanya kazi tangu asubuhi bila chakula, na hilo hatulifanyi hata kwa ng'ombe wa plau. Kama si mfanyakazi, basi hakuna kazi niliyoiharibu.

Naomba jina langu lifutwe mbele ya mkutano uleule uliolisikia. Naomba unga wa nyumba yetu, maana bibi yake mtoto hana kosa. Naomba itangazwe kwamba mtu yeyote, awe na cheo au awe na mashine, asimzuie mama kumfikia mtoto wake anayelia.

Siombi msamaha. Nimekuja kwa miguu, mtoto ninaye mgongoni. Nitasubiri jibu nje ya mlango wako, na akilia nitamnyonyesha hapohapo.